Watu wa Kuzimu Mashariki ya Ruwenzori

Mfasiri akutanapo na jamii za kubuniwa ziishizo chini ya ardhi, kama zile za masimulizi ya kale ya Skandinavia, hushawishika kuziita majini au mashetani. Mlima unaoikabili Mutwanga unampa njia iliyo bora. Kwa Wanande na Wakonzo, wakaao pande zake mbili, Kitasamba hukaa juu, kwenye theluji. Kwa Wanyoro, walioko mashariki zaidi, uko utawala chini. Yasimuliwa kwamba Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alitaka undugu wa kuchanjiana na Isaza, mfalme wa Kitara. Isaza akamweka bawabu wake, Bukuku, achanjiwe kwa niaba yake. Kwa dharau hiyo Nyamiyonga alimtuma bintiye Nyamata, akaolewa na Isaza, akarudi kwao na mimba ya Isimbwa. Kisha wakaletwa ng'ombe wazuri mno. Isaza akawafuata hadi shimoni, asirudi tena. Ndahura, mwana wa Isimbwa, ndiye mfalme wa kwanza wa Wachwezi.

Huko, basi, si jehanamu: kuna mifugo, posa na kisasi, na ukoo wa wafalme umetokea humo. Wanyoro husema okuzimu. Kiswahili nacho kina kuzimu, neno la shina moja na mzimu. "Watu wa kuzimu" hubakiza ule ujamaa ambao "mashetani" huufuta.