Ngoma ya Mtandaoni: Nani Ahesabu Watu?

Katika viwanja vya Usukuma ngoma haina mwamuzi mwenye kalamu. Wagika huanza upande mmoja, Wagalu upande wa pili, saa ile ile, na watu huachwa katikati wajiamulie. Atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Desturi hii yatoka karne ya 19, walipoinuka Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa, ambao wafuasi wao wangali wakishindana hata leo. Kwa hiyo mtu wa Bariadi, Maswa au Itilima haendi ngomani kutazama tu, bali aenda kupiga kura kwa miguu yake. Akichoshwa na manju huyu, hugeuka akavuka uwanja, na kule atokako pengo huonekana. Manju alionapo pengo lile hubadili wimbo, au huleta nyoka, au nungunungu, au kituko kingine alichokificha, ili watu warudi.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu siku hizi twaambiwa kwamba mtandao umeleta jambo jipya kabisa duniani: picha zitembeazo na sauti ambazo mtazamaji aweza kuzijibu na kuzigeuza papo hapo, zingali zikiendelea. Jambo lenyewe ni kubwa, wala hatulidharau. Lakini kumwambia Msukuma kwamba ni jipya ni kumsifu mgeni kwa nyumba aliyoikuta imekwisha kujengwa.

Kilichokuwa kigeni kwetu ni kule kunyamazishwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza sinema Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori lao lilizunguka Tanganyika na nchi jirani likiwaonyesha watu filamu za kuwafundisha kilimo, afya na kulipa kodi. Lori lilisema, watu wakasikiliza, kisha likaondoka. Redio nayo ilikuja hivyo hivyo, sauti ikitoka Dar es Salaam na isirudi. Hata hivyo wananchi hawakukubali kukaa kimya. Waliandika kadi za salamu kwa maelfu ili majina yao yasomwe redioni, na katika vibanda vya video walimpenda mtu kama marehemu Lufufu, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kutia maneno yake mwenyewe, hata watu wakamfuata yeye kuliko mwigizaji. Na ni nani katika Chama asiyejua kwamba tangu mwaka 1954 hadi 1958, TANU ilipopigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, wimbo wa shambani ulipita mahali ambapo mkutano haukuweza kupita?

Msimu uliopita, baada ya pamba kuuzwa, tulikuwa Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, nao katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakulima wa pamba. Tuliwakuta vijana wa kundi moja la ngoma uwanjani, na mbele yao mmoja ameifunga simu juu ya mti wa kushikia kamera. Walikuwa wakirusha ngoma yao mubashara. Watu waliosimama uwanjani hawakupata mia mbili. Katika kioo cha simu walihesabiwa wengine zaidi ya elfu moja, na kwa maneno waliyoandika ilionekana kwamba baadhi yao wako Kahama, wengine Dar es Salaam, na mmoja yuko Muscat, kazini. Huyu wa Muscat aliomba wimbo. Mshika simu aliyasoma maneno yake kwa sauti kubwa, manju akacheka, akamwimbia.

Hapo tulijifunza jambo ambalo wataalamu wa mijini hawakutuambia. Picha ya mubashara huchelewa njiani sekunde kadhaa, na pengine zaidi ya kumi, kabla ya kumfikia mtazamaji, na jibu lake lachukua muda wake kurudi. Uwanjani mtu akipiga vigelegele, vyaangukia ubeti ule ule uliomfurahisha. Mtandaoni sifa ya ubeti wa kwanza yafika manju akiwa katika ubeti wa tatu. Vijana wale wametafuta dawa yao: mwisho wa kila fungu la beti ngoma hurudia mdundo mmoja bila maneno, nao hungoja huku majibu yakisomwa, kisha huendelea. Hatudhani kwamba wamefundishwa haya na mtu yeyote. Ni namna mpya ya utungaji, nayo imezaliwa Bariadi.

Tulimwendea manju mwenyewe jioni. Tulimwamkia "Mwadila, babu," naye alituitikia, akatupa kigoda. Tulipomsifu kwa watazamaji wake elfu moja alitikisa kichwa. "Ninyi waandishi," alisema, "mwafurahia hesabu. Lakini mimi siwaoni wakiondoka." Tulimwomba atueleze. Alisema kwamba uwanjani akipoteza watu hujua amewapoteza kwa neno gani, ila katika simu namba yapanda na kushuka wala haimwambii sababu. Kisha akatuambia habari nyingine iliyotuuma zaidi. Wimbo wake mmoja, alioutunga kwa miezi mitatu, ulirekodiwa na mtu aliyepita njia, ukatiwa mtandaoni kwa jina la mtu huyo, ukatazamwa na watu wengi mno. Yeye hakupata hata senti moja. Alipata habari zake kwa mjukuu aliyempigia simu kumpongeza.

Hapa ndipo tunapotaka wanachama na wafanyakazi watufuate kwa makini. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Wachekoslovakia walionyesha huko Montreal, Kanada, filamu iitwayo Kinoautomat, kazi ya Radúz Činčera na wenzake. Kila mtazamaji alikuwa na vitufe viwili kitini pake. Filamu ilisimamishwa, mtu akatokea jukwaani, akawauliza watu wachague afanye nini yule mhusika, nao wakabonyeza. Watu walistaajabu sana. Lakini hadithi ilikuwa imepangwa hivi kwamba njia zote, wachague wapendavyo, zilirudi mahali pamoja, na nyumba iliungua tu. Waliotengeneza filamu ile walikuwa wakitania, nao walijua wanachotania.

Makampuni ya mtandao hayatanii. Mtazamaji wa Simiyu abonyeza kidole gumba, aandika maoni, atuma zawadi ya sarafu za kampuni alizozinunua kwa fedha yake halisi, akidhani kwamba ndiye aamuaye. Lakini ni video ipi itakayomjia kesho na ipi itakayozikwa, hilo laamuliwa na hesabu za mashine ambazo kanuni zake hatuonyeshwi, mbali kabisa na Bariadi. Zawadi ile nayo hukatwa fungu la kampuni kwanza, ndipo kilichobaki kimfikie mwenye jasho. Mkulima wa pamba ajua habari hii. Babu zake walikataa mizani ya mnunuzi kwa sababu hawakuruhusiwa kuitazama, wakaanzisha vyama vyao, na kufikia mwaka 1955 Paul Bomani na wenziwe walikuwa wameviunganisha katika Shirikisho la Victoria. Hesabu ya watazamaji ni mizani vile vile.

Wako watakaotujibu kwamba ngoma ni mchezo, na kwamba simu zawapotezea vijana muda wa kulima. Sisi hatukubali. Tulichokiona kilifanywa baada ya mavuno, na watu wenye sugu mikononi. Malalamiko yetu ni mengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, nayo yalinda hata sanaa za jadi, lakini manju wa kijijini hajui aanzie wapi. Maofisa utamaduni wa wilaya wawaendee watu hawa huko huko uwanjani, wawaandikie nyimbo zao. Matawi ya Chama yaliyo na mtu ajuaye simu yamtoe kwa siku mbili tu. Na vyama vya msingi vya ushirika, vyenye maghala yaliyo matupu baada ya msimu, vyaweza kuyafungua ili makundi ya ngoma yarekodi humo kwa akaunti zao wenyewe na si za wapita njia.

Asubuhi tulipopita kuaga, yule mshika simu alikuwa mlangoni kwa manju na daftari la shule. Mzee alikuwa akitaja, naye akiandika: jina la wimbo, mwaka uliotungwa, aliyeutunga, na upande, Wagika au Wagalu. Walikuwa wamefikia wimbo wa 14, na mzee alisema ziko nyingi bado.