Kabila Halishitakiwi

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akajiuliza ugomvi wa Bonde la Kilombero unamhusu nini. Sisi tunaona unamhusu. Wengi katika visiwa hivi wanaikumbuka Januari 26 na 27, 2001, na jinsi watu wapatao elfu mbili walivyovuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31. Waliokimbia waliweza kurudi, lakini arudiye humkuta jirani yule yule ng'ambo ya ua. Muafaka uliotiwa saini Oktoba 10 mwaka ule, pamoja na uzito wake wote, haukuweza kumwelekeza mtu namna ya kumwamkia jirani huyo.

Kazi ya namna hiyo ndiyo inayowakabili wananchi wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga. Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga wamelima mpunga na kuvua samaki bondeni humo tangu zamani. Katika miongo ya karibuni wakaingia wafugaji wa Kisukuma na Kibarbaig, baadhi yao baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Maji ya masika yakipungua, majani mabichi hubaki bondeni. Ng'ombe huteremka, na mpunga bado haujavunwa wote. Mkulima anayeamka akakuta jasho la mwaka mzima limekanyagwa kwa usiku mmoja hana subira ya kusikiliza hoja. Mfugaji anayekuta ng'ombe wake wamekatwa mapanga hali kadhalika. Mkoa huo wa Morogoro umekwisha kuona ugomvi wa aina hii unakofika: Desemba 8, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, watu 38 waliuawa.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo Kilombero. Hatukanushi kwamba bonde lilikuwa limelemewa, wala kwamba maji yake ni sehemu kubwa ya maji ya Mto Rufiji yanayotegemewa na Bwawa la Julius Nyerere. Lakini operesheni huhesabu ng'ombe. Chuki inayobaki nyuma haina wa kuihesabu. Neno "wavamizi" limezoeleka mno midomoni mwa watu, kana kwamba Ibara ya 17 ya Katiba, inayompa raia haki ya kuishi popote nchini, haiwahusu wenye fimbo na mgolole. Haki hiyo, bila shaka, haimruhusu mtu kulisha mifugo shambani kwa mwenzake. Aliyelisha ashitakiwe kwa jina lake, na alipe. Aliyekata ng'ombe mapanga naye ashitakiwe kwa jina lake. Kabila halishitakiwi.

Chombo cha kuanzia kipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Tunauliza: katika vijiji vinavyokaliwa na wakulima na wafugaji, ni mabaraza mangapi yana mjumbe mfugaji? Baraza la upande mmoja, hata likitoa uamuzi wa haki, upande wa pili hautauamini. Na wale wanawake watatu wasiwe wa kujaza viti tu, maana wao ndio washindao ndani ya majaruba tangu kupanda hadi kuvuna.

Kilombero, Ulanga na Malinyi zilichaguliwa kuanzia mwaka 2016 kuwa za majaribio katika upimaji wa ardhi na utoaji wa hatimiliki za kimila. Hatua hiyo ilikuwa njema. Tangu mwaka 2023, hata hivyo, sehemu ya bonde imekuwa Pori la Akiba, na nafasi iliyobaki kwa jembe na kwa ng'ombe imezidi kuwa finyu. Njia za mifugo hazina budi kuwekewa alama zinazoonekana ardhini. Mchoro uliofungiwa kabatini hauwezi kumzuia ng'ombe.

Shamba lililoliwa lisipotathminiwa mapema, ushahidi huoza pamoja na mpunga. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa wilaya hizo wawaagize ofisa kilimo na ofisa mifugo wafike pamoja, siku ile ile, wapime hasara mbele ya pande zote mbili na kuziandika katika karatasi moja. Agizo hilo litolewe kabla ya mavuno yajayo.