Mwanake Alijipamba

Swali hili limenichosha. Nikizungumza na wazazi, iwe Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki, hakosi mmoja wa kusimama: "Mwalimu, vijana wetu wa kiume wameutoa wapi ulimbwende huu wa kusuka nywele na kutoboa masikio? Mwanamume wa Kikuyu wa zamani hakujipamba."

Alijipamba, tena kwa bidii. Mwanake, kijana aliyekwisha tahiriwa, alifuga nywele, akazisokota nyuzinyuzi na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Ndewe zake zilitobolewa na kupanuliwa hadi zikapitisha kipande cha mti. Siku ya ngoma alijichora miguu, akafunga ngozi ya mbega na njingiri za chuma zilizolia kila alipokanyaga. Hata kabla ya jando, mvulana alivaa ndome juu ya mkono wa kushoto: ngao ya mbao iliyochongwa na kutiwa rangi, isiyo ya vita bali ya kuchezea ngoma. Wanaobisha wakatazame picha katika kitabu cha akina Routledge, mume na mke waliokaa eneo la Nyeri, kilichochapishwa 1910.

Kweli, wazee walinyoa. Lakini huko kulikuwa kupanda ngazi ya umri. Ujana ulipewa wakati wake wa kung'ara. Fikra kwamba kijana mwema ni aliyenyolewa ilitiwa nguvu na misheni, ambako athomi, yaani wasomaji wa misheni, walitakiwa kuacha udongo mwekundu na kuvaa nguo za shule. Ikaja Hali ya Hatari ya 1952, nywele ndefu zikawa alama ya mpiganaji wa Mau Mau wa msituni, na hofu ikakamilisha kazi. Hofu hiyo ndiyo tunayoiita mila. Na kumnyoa kijana kwa nguvu ili apate adabu hakumpi adabu, kunamfundisha kujificha.

Ufanye nini basi? Shule ina kanuni? Mwambie ni kanuni ya shule, aitii. Nywele za imani ni jambo jingine: 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa Kirastafari asinyimwe masomo kwa sababu ya nywele zake. Anatoboa sikio? Sindano mpya, mikono safi. Gharama? Ajilipie. Hupendezwi? Sema hupendezwi; neno la mzazi lina uzito wake lenyewe. Ukimwita babu wa babu yake kuwa shahidi, kijana ataziona picha za akina Routledge siku moja, na ataacha kukuamini hata unaposema kweli.