Mashine ya kukata majani: tuiache ifuate udongo



Tukipita katika mashamba ya Haut-Katanga, lalamiko moja linarudi kila mara: "Hii mashine ya nyuma ya trakta inaharibu shamba." Tuliangalia, na ni kweli. Hapa majani yamebaki mpaka magoti, hatua mbili mbele udongo umekwanguliwa wazi. Kisu kinapiga kichuguu, buloni inakatika, na franga za koperative ndizo zinalipa. Wengine wanasema: heri turudie moto. Lakini majani yaliyokatwa yakilala juu ya udongo yanaukinga na jua na nguvu ya mvua ya kwanza. Moto unayamaliza.

Sisi pia tulikosea. Tulikaza mkono wa juu, ule wa katikati, mpaka mashine ikashikamana na trakta kama kitu kimoja. Tulifikiri ni vizuri, kumbe sivyo. Trakta ikiinua pua juu ya tuta la zamani, mkia wa mashine unasukumwa chini, unakwangua. Pua ikiingia shimoni, mkia unaenda juu, majani yanabaki. Mashine inapaswa kuwa na uhuru wake.

Namna ya kuipanga

Mupeleke trakta pahali pa sawa. Muangalie kwanza magurudumu ya nyuma yawe na pumzi sawa. Muzime motere, muondoe ufunguo, mungoje visu visimame kabisa.

1. Kushoto na kuume. Mupime toka udongo mpaka ukingo wa mashine, pande zote mbili. Kama haiko sawa, murekebishe mkono wa chini wenye manivele.

2. Mbele. Kwa shamba lenye mabonde na mawe, musikate chini ya sentimeta 10. Mukipata urefu huo, mufunge kizuizi cha levye, ili kila mara mashine ishuke pale pale.

3. Nyuma. Gurudumu la mkia ndilo linabeba nyuma. Mulipange ili nyuma iwe juu kuliko mbele kwa sentimeta 2 hivi.

4. Mkono wa juu. Sasa murefushe mkono huu mpaka kile kipande kinachocheza, pale unapofungwa kwa mashine, kisimame katikati. Kiweze kwenda mbele na kurudi nyuma. Hapo ndipo mkia unapata ruhusa ya kupanda na kushuka.

5. Kardani. Muinue mashine pole pole, prizi ikiwa imefungwa, halafu muishushe. Mabomba mawili ya kardani yasigongane mwisho, wala yasikaribie kuachana.

Mukate mita kumi tu, musimame, muangalie. Udongo umekwanguliwa? Mupandishe kidogo. Mkia unaruka? Shofere apunguze mwendo. Hakuna mpango unaofaa kama trakta inakimbia. Na vichuguu vikubwa, mashine haitavifuata: siku moja mbele, watu wapite kwa miguu, wasimamishe miti yenye kitambaa penye kichuguu, kisiki na jiwe.

Kwa mteremko mkali, musikate kwa kupitia ubavu wa kilima, juu trakta inaweza kupinduka. Na kama ni mkali sana, mupanga wa mkono ndio unafaa.

Jambo la mwisho halina mjadala. Kisu kinaweza kurusha jiwe mbali sana. Watoto wanapenda kufuata trakta: muwafukuze, hata wakilia. Mtu yeyote asikaribie chini ya mita 100. Na asiingie mtu chini ya mashine iliyoinuliwa kwa idroliki peke yake. Muweke kwanza magogo mazito chini yake. Kisu kinanunuliwa tena sokoni. Mguu wa mwenzetu, hapana.

Kazi njema, na mashine idumu.