Shina Kuukuu la Pareto Lisitupwe

Lupembe yetu hujulikana kwa chai. Lakini ukipanda kuelekea Njombe utaona mashambani ua jeupe lenye kiini cha manjano. Hilo ni ua la pareto, jamaa ya krisanthemumu wanazopanda watu bustanini kwa pambo. Asili yake ni Dalmatia, katika nchi ya Kroatia. Vichwa vya maua yake vina sumu iuayo wadudu, ndiyo sababu hukaushwa na kupelekwa kiwandani Mafinga.

Wengi wetu huilalamikia baridi ya kipupwe, Juni hata Agosti. Pareto huitaka: pasipo usiku wa baridi, mmea huzidisha majani na kupunguza maua. Sakitu ikianguka huyaunguza majani, lakini shina lenye mizizi mizima hukaa chini likingoja mvua.

Jambo hilo sisi tulilijua kwa hasara. Mwaka mmoja, baada ya kipupwe, tulilikuta shamba letu dogo limekauka. Tukang'oa mashina yote, tukayachoma, tukanunua miche kwingine pasipo kuitazama mizizi. Kumbe ilikuwa imefura vinundu, kazi ya minyoo midogo ya udongoni. Msimu ule hatukuvuna kitu, na fedha za shule za mwanetu tukazikopa. Jirani yetu, mama wa makamo, hakung'oa; mvua ziliponyesha shamba lake likachipua. Akatupa miche bure, akasema: "Mwalimu, yaliyokufa ni majani. Shina lilikuwa limelala."

Basi njia yenyewe ni hii. Maua yawapo shambani, chomeka kijiti penye kila shina lizaalo sana, kwani maua yakiisha yote hufanana. Msimu ukiisha, kata vikonyo vikavu na upalilie. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, chimbua mashina uliyoyatia alama, ukung'ute udongo na kuitazama mizizi. Lenye vinundu lichome. Lililo zima ligawe vipande, kila kimoja kiwe na machipukizi na mizizi yake. Punguza majani marefu na mizizi mikuukuu. Panda siku ile ile juu ya matuta, maana maji yakituama mizizi huoza. Acha sentimita 60 baina ya mistari na 30 baina ya miche, wala usiuzike moyo wa mche.

Mbegu nazo huota, lakini mche wa mbegu huenda usifanane na mama yake. Kipande cha shina hufuata asili yake. Baada ya miaka mitatu hivi, shina huchoka, nalo hugawiwa tena.

Enyi vijana, kateni vijiti vyenu mapema, maua yangali wazi. Na atakayepata miche ya ziada amkumbuke jirani, kama sisi tulivyokumbukwa.