Faiba Ipambe Jengo, Isipofue Fundi



Kuanzia bandarini hadi Kariakoo, jiji la Dar es Salaam limejaa maghorofa, na kila mwenye jengo hutaka uso wake upendeze. Moja ya vifaa vya kupambia ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Ni nyepesi, haishiki kutu, na hukubali umbo lolote: nguzo, tao au ukuta mzima. Kule San Francisco, Marekani, jumba la makumbusho ya sanaa lililopanuliwa mwaka 2016 limevikwa vipande zaidi ya 700 vya faiba. Kazi ni nzuri na ina riziki. Lakini sisi wauguzi huwaona mafundi wake wakiwa wamelala kitandani.

Kijana mmoja aliletwa kwetu jicho limevimba, halifunguki. Alikuwa akimimina hadena, ile dawa ya kugandisha rezini, tone likamrukia. Wenzake walimpandisha daladala haraka wamkimbize hospitali. Foleni ikawachelewesha saa nzima. Ndoo ya maji ilikuwa hatua tatu tu kutoka aliposimama, lakini hakuna aliyemwosha. Jicho lile halikuona tena.

KAZI INAVYOFANYIKA
Msanifu huchora, fundi hutengeneza kalibu. Kalibu hupakwa nta ili kipande kisigande ndani yake, kisha rangi ya juu, halafu hutandazwa mkeka wa nyuzi za kioo na kulowanishwa kwa rezini iliyochanganywa na hadena. Kikikauka, hukatwa kwa grainda na kupigwa msasa. Kipande kilichokauka na kufungwa ukutani hakimdhuru mpita njia. Hatari ipo wakati rezini ingali mbichi, na wakati wa kukata.

HATARI ZAKE
1. Mvuke wa rezini huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha. Una stairini, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitaja mwaka 2018 kuwa huenda husababisha saratani. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, pale anapolala mtoto kwenye mkeka.
2. Hadena huunguza ngozi, na hupofua macho.
3. Vumbi la kukata huwasha ngozi, koo na kifua.
4. Rezini na asetoni hushika moto upesi. Mabaki ya rezini yenye hadena yakirundikwa kwenye kopo hupata joto kali na yanaweza kuwaka.

TUFANYE NINI?
– Jicho likiingiwa, lioshe PALE PALE kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika zisizopungua 15, kope zikiwa wazi. Ndipo uende hospitali. Vaa miwani ya kazi kabla ya kugusa hadena.
– Usiweke hadena katika chupa ya maji au ya soda. Haina rangi, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Akiinywa, asitapishwe, suuza mdomo, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.
– Fanya kazi mahali penye upepo, kamwe si katika chumba mnacholala. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha mkaa.
– Usinawe kwa petroli wala asetoni. Tumia sabuni na maji. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.
– Usichanganye kamwe hadena na dawa ya kuharakisha ukaukaji moja kwa moja. Hulipuka.
– Wasanifu nao wasaidie: wachore vipande vya vipimo kamili, ili ukataji upungue, na wadai rezini isiyoshika moto kwa urahisi.

Wengi hutuuliza, "Je, maziwa hayasafishi kifua?" Hapana. Maziwa huenda tumboni; vumbi huenda kwenye mapafu. Ni chakula bora, lakini si barakoa.

HAKI YA MFANYAKAZI
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Aliyeumia kazini ana haki ya fidia kwa Sheria ya mwaka 2008, kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wazazi, kabla mwanao hajaanza kazi, muulize mwajiri wake: miwani iko wapi, na maji yako wapi?

Leo jioni, kagueni chupa zote chini ya vitanda na nyuma ya milango. Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa fundi, awaombee vijana wetu warudi nyumbani na macho yao mawili.