Kitabu cha Marehemu ni Mali ya Mirathi

Baada ya swala ya alasiri, mama mmoja mjane alibisha hodi katika ofisi ya kamati yetu ya msikiti. Mkononi alishika nakala mbili za kitabu cha fiqhi ya watoto: moja aliyoichapisha marehemu mumewe, ya pili tuliyoirudufu sisi na kuibana kwa pini. Hakulalama. Aliuliza tu: "Ndugu zangu, katika hizi mlizouza, fungu la mayatima liko wapi?"

Tuliinamisha vichwa. Tulikuwa tumewauzia wazazi nakala hizo kwa bei nafuu, na faida ikaingia katika mfuko wa madrasa. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema haihalalishi mali ya mtu.

Wapo wasemao kuwa elimu haina mwenyewe. Ni kweli kwamba hukumu za udhu na swala hazimilikiwi na yeyote, wala haifai kuzificha. Lakini kuyapanga masomo, kuchagua maneno yamfaayo mtoto na kugharimia uchapaji ni jasho la mtu. Mafakihi wametufundisha kuwa maji ya mto ni ya watu wote, ila aliyeyateka na kuyatia mtungini mwake ameyamiliki.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya mali katika zama zetu, zinahifadhiwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Miaka 40 kabla yake, tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu. Ibara ya 17 inatambua haki ya kila mtu kumiliki mali. Ibara ya 27 inampa kila mtu haki ya kushiriki katika utamaduni na maendeleo ya elimu, kisha inalinda heshima na kipato cha mtunzi kwa kazi yake. Haki hizo mbili zimewekwa pamoja ili msomaji asinyimwe na mwandishi asidhulumiwe.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kunukuu kwa kiasi cha haja na kutaja chanzo kunaruhusiwa, lakini kurudufu kitabu kizima na kukiuza ni jambo jingine. Kwa hiyo mwandishi anapofariki, kitabu chake huingia katika mirathi pamoja na shamba na nyumba.

Sisi tulihesabu nakala tulizouza, tukamlipa mama yule haki ya warithi na kumwomba radhi. Naye, kwa ukarimu wake, alituruhusu kurudufu nakala chache kwa watoto wasiojiweza.

Tunawausia wazazi na viongozi wa madrasa waombe idhini kabla ya kurudufu. Nanyi waandishi, vitajeni vitabu vyenu katika wasia, ili warithi wajue kilicho chao. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inatukataza kulana mali kwa batili, na karatasi zenye jasho la marehemu nazo ni mali.

Wabillahi tawfiq.